Kurekebisha bastola ya hewa kwa mashindano ya mita 10: mpini, vilengeo, kifyatulio na risasi

Mtu anayeingia katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola ya hewa huanza, mara nyingi, kwa kuuliza risasi zipi ni bora na kifyatulio kilegezwe kiasi gani. Maswali hayo ni halali, ila yanakuja mapema mno. Bastola ya mashindano hurekebishwa kwa kufuata utaratibu: kwanza mpini ukae na mkono, kisha vilengeo (vile viwili vya kulengea juu ya bastola, cha mbele na cha nyuma chenye pengo) vikae na jicho, kisha kifyatulio kikae na kidole, na mwisho kabisa ndipo mtutu utafutiwe risasi zinazoufaa. Anayeanzia mwisho hupima mtikisiko wa mkono wake mwenyewe huku akidhani anapima risasi.

Kabla ya kuagiza chombo chochote, ulizia mamlaka ya silaha ya nchi yako kuhusu kibali, maana si kila sheria inayoihesabu bastola ya hewa kuwa kifaa cha michezo tu. Na kabla ya kugusa skrubu yoyote, ondoa risasi, fungua chemba, hakikisha kwa macho kuwa ni tupu, na uelekeze mtutu upande usio na mtu. Marekebisho yote ya kifyatulio yanayoelezwa hapa chini hufanywa bila risasi. Bastola nyingi za daraja la mashindano zina swichi ya kufyatua bila kutoa hewa, na swichi hiyo ndiyo itakayotumika zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye bastola yako.

Mipaka ya marekebisho imewekwa na kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kulenga Shabaha, ISSF. Bastola iwe ya milimita 4.5, ipakiwe risasi moja moja, isizidi gramu 1500 pamoja na viambatisho vyake vyote, na iingie katika kisanduku chenye urefu wa milimita 420, kimo cha 200 na upana wa 50. Kifyatulio kisivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 500. Vilengeo viwe vya wazi: hakuna darubini, hakuna kioo, hakuna taa ya leza. Mpini usiuzunguke mkono wala kukishikilia kifundo cha mkono, kwa sababu mchezo huu ni wa mkono mmoja na kifundo lazima kionekane kuwa huru. Ndani ya mipaka hiyo, una uhuru mkubwa wa kubadilisha utakacho.

Inafaa kuelewa hesabu iliyo nyuma ya kazi hii, kwa kuwa inaeleza kwa nini mpini unatangulia. Duara la 10, yaani la pointi 10 katikati ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 11.5, na tundu likigusa tu mstari wake linahesabiwa ndani. Hivyo kitovu cha risasi kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati ya shabaha na bado ukapewa 10. Sasa chukua bastola ambayo vilengeo vyake viwili vimeachana kwa milimita 320 hivi. Mkono mzima ukielea pembeni milimita chache, huku vilengeo vimebaki vimelingana, risasi nayo itahama milimita hizo chache tu. Lakini kilengeo cha mbele kikipotoka robo ya milimita ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, umbali wa mita 10 unalikuza kosa hilo zaidi ya mara 30, na tayari umefika kwenye ukingo wa 10. Kuelea kwa mkono kunasameheka. Kupinda kwa kifundo hakusameheki. Kazi ya mpini ni kukizuia kifundo kisipinde, na hakuna risasi ya bei yoyote itakayoifanya kazi hiyo badala yake.

Jaribio la mpini ni rahisi. Simama kama unavyosimama uwanjani, shika bastola tupu, inua mkono hadi usawa wa shabaha, kisha fumba macho na uvute pumzi mbili. Ukiyafumbua, kilengeo cha mbele kinapaswa kuwa katikati ya pengo la nyuma, na vichwa vyao vikiwa katika usawa mmoja, bila wewe kukaza wala kulegeza chochote. Rudia mara kadhaa, kwa sababu mara moja haitoshi kusema lolote. Kilengeo cha mbele kikiwa chini kila unapofumbua, mlalo wa mpini hauafikiani na kifundo chako; kikiwa juu, ni kinyume chake. Kikiegemea kushoto au kulia, mpini unahitaji kuzungushwa kidogo. Bastola za kampuni kama Steyr, Morini, Pardini na Walther zina nafasi ya kuuinamisha na kuuzungusha mpini kwa skrubu moja au mbili na ufunguo wa alenki, kwa hiyo usikimbilie kukwangua mbao kwa tupa kabla hujamaliza nafasi hiyo.

Skrubu zikishindwa, ndipo mbao iguswe. Paka chaki ya rangi kwenye kiganja, shika mpini kama kawaida kwa dakika moja, kisha uachie: panapong'aa kwa chaki ndipo panapobana, na pasipo na chaki ni pango ambalo mkono unaelea ndani yake. Panapobana, punguza kwa msasa laini, kidogo kidogo, ukijaribu tena kila baada ya mipigo michache. Penye pango, jaza puti ya mbao, shika mpini ukiwa umevaa glavu nyembamba ya plastiki wakati puti bado ni mbichi, iache ikauke, kisha isawazishe. Wengi hujaza puti hadi mkono unakwama kama mguu kwenye kiatu kipya, na hapo wamepita kiasi. Mpini mzuri humwambia mkono mahali pa kukaa, haumlazimishi. Kidole cha kufyatulia kiwe huru kabisa. Ubavu wake ukigusa mbao, kila mvuto utaisukuma bastola pembeni. Kile kibao cha chini kinachoegemeza kiganja kiachwe na upenyo mdogo, hasa kwa wanaofanya mazoezi Mombasa, Dar es Salaam au popote penye joto na unyevu, kwa kuwa mkono huvimba kidogo ndani ya dakika 75 za risasi 60, na kilichokaa vizuri mwanzoni kitakuwa kinauma kabla ya risasi ya 40.

Kwenye vilengeo, swali kuu ni mwanga. Ukitazama kupitia pengo la nyuma, pande zote mbili za kilengeo cha mbele zinatakiwa kuonyesha mistari miwili ya mwanga iliyo sawa, na jicho lina uwezo mkubwa wa kulinganisha mistari hiyo iwapo si myembamba mno wala mipana mno. Pengo likiwa jembamba, macho yakichoka mistari hutoweka. Likiwa pana, kosa dogo halionekani. Anayeanza na afungue pengo zaidi ya anavyodhani, kisha alipunguze kadiri mkono unavyotulia. Upana wa kilengeo cha mbele wenyewe huwa kati ya milimita 4 na 5 kwa watu wengi. Kikiwa cha milimita 4.5 na kikikaa mita moja mbele ya jicho, kinafunika milimita 45 za shabaha iliyo mita 10, ambazo ni pungufu ya duara jeusi lenye milimita 59.5. Uwiano huo ni wa kustarehesha macho.

Usilenge katikati ya weusi. Kilengeo cheusi kikiingia kwenye duara jeusi, kichwa chake hakionekani tena, na ndicho hasa unachotakiwa kukiona. Acha ukanda mweupe kati ya kichwa cha kilengeo na ukingo wa chini wa weusi, kisha rekebisha kilengeo cha nyuma hadi risasi zitue katikati ingawa wewe unalenga chini. Kanuni ya kugeuza ni moja: kilengeo cha nyuma hupelekwa kule unakotaka risasi iende. Piga tano kwanza, tafuta kitovu cha kundi, ndipo uzungushe skrubu. Anayezungusha baada ya kila risasi hufukuza makosa yake mwenyewe uwanja mzima. Jicho likaze kwenye kilengeo cha mbele na shabaha iachwe iwe na ukungu. Kwa wenye umri uliosogea, kilengeo chenyewe ndicho huingia ukungu, na dawa yake ni kumweleza daktari wa macho umbali halisi kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele ili akupe lenzi ya umbali huo. Miwani inaruhusiwa, ya kawaida au ya kulengea. Yusuf Dikeç wa Uturuki alipata medali ya fedha ya timu ya mchanganyiko, pamoja na Şevval İlayda Tarhan, katika Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miwani yake ya kila siku na mkono mmoja mfukoni. Watu walicheka mtandaoni kuhusu ule mkono wa mfukoni, ila ni desturi ya kawaida ya kulituliza bega.

Sasa kifyatulio. Kile cha mashindano huwa na hatua mbili: hatua ya kwanza ina safari na uzito mwepesi, kisha kidole kinakutana na ukuta, na ukuta huo ukivunjika risasi inaondoka. Tengeneza kwa mfuatano. Kwanza weka nafasi ya kifyatulio, mbele au nyuma, ili nyama ya kifundo cha kwanza cha kidole ikae katikati yake na mvuto uende moja kwa moja nyuma. Kisha gawa uzito: watu wengi huweka sehemu kubwa katika hatua ya kwanza, tuseme gramu 350 hadi 400, na kinachobaki katika ukuta, ili ukuta uvunjike bila kushtua mkono. Kisha punguza mgusano wa meno ya ndani, yale yanayoizuia bastola isifyatuke, hadi usihisi tena mkwaruzo kabla ya kuvunjika. Hapa pana hatari: meno yakigusana kidogo mno, bastola inaweza kufyatuka yenyewe. Kila baada ya kugeuza skrubu hiyo, tegesha bastola tupu kama ya kufyatua na uigonge ubavuni kwa kiganja mara kadhaa. Ikifyatuka hata mara moja, rudisha skrubu na usibishane nayo. Mwisho weka kizuizi cha nyuma, kinachokisimamisha kidole mara tu baada ya ukuta kuvunjika, lakini kisikazwe hadi kikazuia kufyatuka kwenyewe.

Mkaguzi wa mashindano hupima uzito wa kifyatulio kwa kuusimamisha mtutu wima na kuuinua uzito wa gramu 500 kutoka mezani ukiwa umening'inia kwenye kifyatulio. Usiweke 500 kamili. Acha gramu 10 au 20 za akiba, kwa sababu springi na mafuta hubadilika, na bastola inaweza kuitwa kupimwa tena baada ya mashindano. Uzani wa kupimia ununue wako mwenyewe. Haugharimu kitu ukilinganisha na safari iliyopotea.

Zimebaki risasi. Za mashindano zina kichwa bapa ili zikate tundu safi, na zile zinazoundwa kwa ajili ya bastola huwa na uzito wa karibu gramu 0.45 hadi 0.53. Kipenyo cha kichwa huandikwa kwenye kopo: 4.48, 4.49, 4.50 na kuendelea. Mtutu mmoja hupenda kipenyo fulani na mwingine hukikataa, hata kama mitutu yote miwili imetoka kiwanda kimoja. Ndiyo sababu huwezi kumwiga bingwa kwa kununua kopo kama lake. Funga bastola kwenye jiliwa lililowekewa ngozi au mpira ili isichubuke wala kubanwa kwenye mtutu, hakikisha silinda ya hewa ina shinikizo la kutosha, na upige makundi ya risasi kumi kwa kila aina, kwenye karatasi mpya, mita 10 kamili. Risasi chache za mwanzo baada ya kubadilisha aina usizihesabu. Pima kila kundi kwa kalipa kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lililo mbali zaidi. Risasi inayoufaa mtutu itatoa kundi lisilozidi milimita 7 hivi, ambalo linaingia lote ndani ya duara la 10. Ukilipata, acha kutafuta.

Kuna wanaopima kila risasi kwa mizani na kuzipanga kwa tofauti ya elfu ya gramu. Kwa mtu ambaye makundi yake ya mkono yana upana wa milimita 40, usiku huo mzima ungetumika vizuri zaidi kufyatua bila risasi mbele ya ukuta mweupe, akikitazama kilengeo cha mbele kama kinatikisika wakati wa kuvunjika kwa kifyatulio. Pointi 594 kati ya 600 alizopata Jin Jong-oh wa Korea Kusini mwaka 2009, ambazo zilikuwa rekodi ya dunia, zinaonyesha kwamba hata mkono wa namna hiyo ulipoteza pointi sita.

Ukishapata toleo (fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja) linalokufaa, angalia namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo, si jina la aina pekee, na ununue makopo ya kutosha msimu mzima, kwa kuwa toleo lijalo la jina lilelile laweza kutoa kundi jingine kabisa. Yatunze pakavu, usiyaangushe, maana sketi ya risasi, yaani ukingo wake mwembamba wa nyuma, hupinda kwa pigo dogo. Angalia pia tarehe iliyopigwa kwenye silinda ya hewa: hujazwa hadi shinikizo la bar 200, na watengenezaji huipa maisha ya miaka 10, baada ya hapo hubadilishwa hata kama bado inashika hewa. Na kwa kuwa risasi hizi ni za madini ya risasi kweli, nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka kwenye mstari, kabla hujashika chai.