Kabla hujaunganisha tafiti za kimaelezo za afya

Miaka ya 1990, watafiti waliokwenda Bagamoyo kuulizia malaria ya watoto walikuta kwamba wazazi wengi hawaihesabu degedege kuwa malaria. Homa ilikuwa na dawa zake, za dukani na za zahanati. Degedege ilikuwa jambo jingine, lenye mkono wa shetani ndani yake, na wengi waliamini kuwa mtoto aliyeshikwa nayo akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga, hospitali baadaye. Daftari la wodi lingeonyesha tu kwamba mtoto amecheleweshwa. Sababu ya kucheleweshwa ilipatikana kwa kukaa na mama na kumsikiliza.

Utafiti wa namna hiyo, wa mahojiano, majadiliano ya vikundi na kushuhudia maisha ya watu, ndio unaoitwa wa kimaelezo. Ukiwa peke yake husema habari za kijiji kimoja au hospitali moja. Ukikusanya tafiti ishirini au hamsini zinazouliza jambo moja, ukazisoma kwa pamoja, zinaweza kukuonyesha kitu ambacho hakuna hata mmoja uliokiona ukiwa peke yake. Kazi hiyo ndiyo usanisi. Nimeiona ikiwashinda wanafunzi wa uzamili wenye akili nzuri kabisa, na karibu kila mara kosa lilianza kabla hawajafungua makala ya kwanza.

Swali ndilo la kuanza nalo. Lazima liwe la aina inayojibika kwa maneno ya watu. Kuuliza kama vyandarua vinapunguza malaria ni kazi ya majaribio na takwimu. Kuuliza kwa nini familia iliyopewa chandarua hailali ndani yake, hiyo ni kazi yetu. Kisha lipunguze: watu gani, jambo gani, mazingira gani. Sisi mara ya kwanza tulikwenda na “vizuizi vya huduma za afya Afrika”, kompyuta ikaturudishia maelfu ya vichwa vya makala. Miezi miwili ikapita kabla hatujakubali kwamba tulichokuwa nacho ni mada tu, swali bado.

Kabla ya kulipenda mno swali lako, angalia kama tayari lina mwenyewe. Tangu 2011 Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kinatunza PROSPERO, daftari la wazi ambamo watu huandikisha mapitio ya tafiti wanayokusudia kuyafanya. Pekua humo, kisha uandikishe na yako. Na usome sanisi zilizokamilika, angalau tatu, kalamu mkononi: ule wa 2007 kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu na kumaliza dawa, uliounganisha makala 44, wa 2013 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye tafiti 53, ambao ndio wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya, na wa 2015 kuhusu wanawake kutendewa vibaya wanapojifungua, wenye tafiti 65 kutoka nchi 34, uliochanganya za kimaelezo na za takwimu. Katika kila mmoja fuata tokeo moja tu kurudi nyuma: limetoka kwenye tafiti zipi, na watu waliohojiwa walisema nini hasa. Zoezi hilo litakufundisha kuliko semina nyingi.

Baada ya swali, mbinu, na hii huchaguliwa mapema, haiokotwi njiani. Metaethnografia ilianza na Noblit na Hare nchini Marekani mwaka 1988, nao hawakuwa watu wa afya. Walitoka kwenye elimu, wakijaribu kuzielewa kwa pamoja tafiti za shule zilizokuwa zikiondokana na ubaguzi wa rangi. Ina hatua saba, na moyo wake ni kutafsiri utafiti mmoja ndani ya mwingine: dhana ya mwandishi huyu inaingiaje katika maneno ya yule, inakubaliana nayo au inapingana nayo. Inahitaji tafiti zenye nyama, ambamo mwandishi amefikiri na si kupanga dondoo tu. Usanisi wa kidhamira, ulioelezwa na Thomas na Harden wa London mwaka 2008, una hatua tatu: kuweka misimbo, yaani majina mafupi ya kinachosemwa, mstari kwa mstari, kujenga dhamira, yaani mawazo makuu, zinazoeleza kilichomo, kisha dhamira za uchambuzi zinazovuka kilichomo. Ipo pia mbinu ya taasisi ya JBI ya Adelaide, Australia, inayokusanya matokeo kama waandishi walivyoyaandika bila kuyafasiri upya.

Kwa anayejifunza, nashauri usanisi wa kidhamira. Tafiti nyingi za afya tunazozipata kutoka kwetu ni fupi, zimebanwa na ukomo wa maneno wa majarida, na metaethnografia juu ya tafiti nyembamba hugeuka kuwa hotuba ya mchambuzi mwenyewe. Lakini jihadhari na hatua ya tatu. Wengi huishia ya pili, wakaandika kwamba kuna umbali, gharama na lugha mbaya ya watumishi, wakafunga kazi. Hayo tulikuwa tunayajua.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: maneno. Katika makala hizi maneno yamepangana ngazi kwa ngazi. Kuna aliyoyasema mama. Juu yake kuna aliyoyaelewa mtafiti akayapa jina. Juu ya hayo yanakuja yako. Kwetu ipo ngazi nyingine ambayo maelezo mengi ya mbinu huipita haraka: mama alisema Kiswahili, au Kisukuma, au Kidigo, mtu akatafsiri, makala ikatoka kwa Kiingereza. Degedege ikishageuzwa kuwa jina la kitabibu la mtukutiko wa mwili, shetani ameondoka, hofu ya sindano imeondoka, na kilichobaki kwenye ukurasa ni dalili. Ukiweka msimbo juu ya dalili hiyo utakuwa umeunganisha kitu ambacho hakuna mama aliyekisema.

“Homa” nayo ni hivyo hivyo. Mahali pengine ni joto la mwili, pengine ni malaria yenyewe, pengine ni kutojisikia vizuri tu. “Presha” ya mtaani, inayopanda na kushuka kwa mawazo na misiba, si ile ya kwenye kipimo cha daktari. Kwa hiyo, kabla hujaanza, fungua daftari la maneno. Kila makala ikitaja neno la wenyeji, liandike kama lilivyo, na jinsi mwandishi alivyolitafsiri. Pale aliposahau kulitaja na wewe unahisi kuna neno chini ya Kiingereza chake, weka alama ya kuuliza. Usilibadilishe kwa kubahatisha, lakini usilisahau. Hapa msomaji wa Kiswahili ana kitu ambacho mwenzake wa London hana, na inaniuma kuona wanafunzi wetu wakikiacha mlangoni wakidhani sayansi inaanzia kwenye tafsiri.

Katika kutafuta makala, mwone mkutubi mapema, si baada ya kukwama. Tafiti za kimaelezo hujificha: kichwa cha makala mara nyingi ni dondoo ya mhojiwa, na neno la ugonjwa huenda lisionekane humo. PubMed na CINAHL, hazina kubwa za kutafutia makala za afya mtandaoni, hazitoshi. Ongeza AJOL, yenye majarida ya Afrika, na hifadhi za tasnifu za vyuo vikuu, ambako mara nyingine utakuta dondoo ndefu ambazo jarida lilizikata. Kama chuo chako hakina uwezo wa kulipia majarida, uliza kama kimejiunga na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Na usiogope kuwa na tafiti nyingi kuliko unazoweza kuzichambua vizuri. Usanisi wa Cochrane wa 2017 kuhusu wazazi na taarifa za chanjo ulipata tafiti 79 zilizostahili, ukachambua 38. Vigezo vya kuchagua viandike kwenye itifaki, yaani mpango wa kazi unaouandika kabla ya kuanza, kwa mfano wingi wa data, mahali na ukaribu wa utafiti na swali lako, ili baadaye usije ukachagua zile zinazokupendeza.

Zana za ukaguzi hazina haja ya maneno mengi. CASP, orodha ya kukagulia ubora wa utafiti mmoja mmoja, ina maswali kumi. Yatumie kufikiri, usiyageuze kuwa alama za mtihani. GRADE-CERQual, njia ya kupima uimara wa matokeo ya usanisi, itakuuliza, kwa kila tokeo, mambo manne: mapungufu ya mbinu za tafiti zilizolibeba, jinsi data zinavyoshikamana nalo, kama data zinatosha, na kama mazingira yake yanafanana na ya swali lako. Mwishoni unasema kama imani yako kwa tokeo hilo ni ya juu, ya wastani, ya chini au ya chini sana. Tengeneza jedwali lake siku ya kwanza, kwa sababu habari linazozihitaji hupotea usipozinukuu wakati unasoma. Vivyo hivyo ENTREQ ya 2012, orodha ya vipengele 21 vya kuripoti usanisi.

Tafuta mwenzako. Nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye utafiti. Tuliposoma maneno ya wanawake waliofokewa na kupigwa makofi wakijifungua, mimi niliyaweka yote chini ya uhaba wa watumishi, haraka, bila hata kusimama. Mwenzangu, ambaye hakuwa muuguzi, aliniuliza ni mstari gani katika makala uliotaja uhaba. Haukuwepo. Nilikuwa nawatetea wenzangu wa zamu za usiku, na wale wanawake nikawa nimewanyamazisha mara ya pili. Ndiyo maana sasa kila anayeanza namtaka aandike ukurasa mmoja wa anachoamini tayari kuhusu jambo analolichunguza, auweke pamoja na itifaki, na mwenzake ausome.

Ukishayapanga hayo, chukua makala tatu tu zinazotofautiana na uzipitishe njia nzima kwa muda wa wiki mbili: misimbo, daftari la maneno, jedwali, dhamira moja ya uchambuzi mliyobishana mpaka mkaelewana. Swali likivunjika hapo, mtalishona upya mkiwa na makala tatu mezani, si sitini.