Kutambua vifaa asilia vya Mauser za Wajerumani

Bunduki za Mauser za enzi za Wajerumani bado zinajitokeza huku Iringa. Ukiikuta, toa taarifa polisi kwanza. Anayekagua ahakikishe chemba (sehemu risasi inapokaa) haina risasi, kwa macho na kwa kidole.

Modeli 71 hupiga risasi moja moja, ya milimita 11. Ubavu wa kushoto, juu ya chemba, soma "I.G.Mod.71" kwa herufi za Kigothiki. Yenye magazini ya risasi 8 chini ya mtutu ni 71/84.

Kisha, kujua kama vipande ni vya asili, linganisha namba: ya mtutu, ya chemba, ya bolti (kipande chenye mkono kinachofunga chemba). Vipande vidogo, hata skrubu, mara nyingi hubeba tarakimu mbili za mwisho tu. Bolti ndiyo hubadilishwa zaidi, kwa kuwa huchomoka kirahisi.

Namba iliyogongwa upya huonekana chini ya lenzi: kingo zimeinuka, zinang'aa, na shimo halina weusi wa kutu ya zamani. Namba hafifu kwenye chuma laini chenye pembe butu imepigwa msasa.

Msasa ndio unaoua ushahidi, tafadhali usiuguse! Kusafisha kutu, paka mafuta ya cherehani, acha usiku kucha, futa kwa pamba.