SOMO: Jinsi ya kuchora mto Rufiji na matawi yake bila kuaibika

Naandika hili mara moja tu. Kila ikikaribia mitihani nalipuliwa inbox, "mwalimu Rufiji unaanzia wapi", "mwalimu Ruaha na Kilombero ipi iko juu", najibu mmoja, kesho anakuja mwingine na lile lile. Sasa somo hili hapa, mkiniuliza tena nawarudisha huku.

Vifaa: karatasi, penseli, ufutio, kalamu ya bluu. Bluu isiguswe mpaka mwisho.

HATUA YA 1. Chora pwani kutoka Dar mpaka Kilwa, weka kisiwa cha Mafia. Delta inatazamana na Mafia, hapo hupotei.

HATUA YA 2. Weka nukta moja ndani kabisa ya nchi, kusini mashariki ya Ifakara, uandike SHUGULI. Ni maporomoko. Hapo Kilombero na Luwegu zinakutana na kuanzia hapo ndo jina Rufiji linaanza. Wengi wanatafuta mlima wenye chemchemi ya Rufiji, hakuna, Rufiji unazaliwa mkubwa.

HATUA YA 3. Kilombero. Anzia Njombe na Ruhudji (ule wa maporomoko pale Njombe mjini), ongeza Mnyera na Mpanga, vyote vinashuka kwenye bonde na kuwa mto mmoja unaokwenda kaskazini mashariki. Kushoto kwake ukuta wa Udzungwa, kulia nyanda za Mahenge. Pita Ifakara, halafu upinde kuelekea Shuguli. Usiuchore kama mstari mmoja mwembamba, kwenye bonde unatawanyika vijito kibao, masika lote linakuwa ziwa.

HATUA YA 4. Luwegu unatoka kusini, upande wa Songea, unapanda kaskazini porini mpaka Shuguli. Ongeza na Mbarang'andu. Watu wanausahau kwa sababu hauna mji wala daraja maarufu. Ukiusahau wewe umekosa, Rufiji yako haina mama.

HATUA YA 5. RUAHA MKUU. Hapa kaa chini, nywa maji.

Mimi hapa niliharibu. Nilipoanza kufundisha niliambiwa nichore ramani ya ukutani, kubwa, rangi za mafuta, nikajisikia kweli kweli. Nikauleta Ruaha kutoka Mtera mpaka Kidatu vizuri tu, halafu nikaona Kidatu na Ifakara zimekaribiana, nikasema aah huu lazima unaingia Kilombero, nikauchepusha kusini nikauunganisha pale Ifakara. Ikakaa ukutani muhula mzima, watoto wakanakili kwenye madaftari, mpaka binti mmoja wa kidato cha pili, kwao ni Ifakara, akanyoosha mkono akasema mwalimu, mbona Ruaha umeuleta kwetu, sisi mto wetu ni Kilombero. Darasa kimya. Niliifuta Jumamosi na brashi ya chokaa, peke yangu.

Kwa hiyo sikilizeni. Ruaha Mkuu HAUINGII Kilombero. Unashuka kutoka Poroto na Kipengere, unakusanya Chimala, Kimani na Mbarali kwenye nyanda za Usangu, unaingia kwenye tindiga la Ihefu ambako Ndembera nao unafika kutokea mashariki. Unatoka Ihefu kwenye ngazi ya mwamba, unakata hifadhi ya Ruaha kuelekea kaskazini mashariki mpaka Mtera. Kabla ya Mtera unapokea Ruaha Mdogo, ule unaopita Ipogoro chini ya mji wa Iringa, na bwawani Mtera unaingia Kisigo kutoka magharibi. Toka Mtera geuza kusini mashariki, pita Mbuyuni kwenye vitunguu, Kidatu, na kuanzia Kidatu USIGEUKE KUSINI, endelea mashariki mpaka ukutane na Rufiji wenyewe, chini ya Shuguli na juu ya korongo la Stiegler. Ukitazama umbo lote utaona upinde mkubwa kama mpini wa mwavuli. Kama wako hauna upinde, futa.

Onyo lingine: Ruaha Mkuu na Ruaha Mdogo ni mito miwili. Ukiandika "Ruaha" tupu juu ya Iringa mjini umekosa alama.

HATUA YA 6. Korongo la Stiegler, sasa ndo lilipo bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine 9 za megawati 235 kila moja. Weka kimstari cha kukata mto. Toka hapo mto unakuwa mvivu, unazunguka zunguka, Utete ukingo wa kusini, halafu daraja la Mkapa.

HATUA YA 7. Delta: tawanya vidole, usiweke mdomo mmoja. Mikoko pande zote.

Sasa chukua bluu. Maswali karibu, ila SOMA KWANZA.

—

Kijana_Mbozi: Mwalimu asante, sasa Rufiji unaanzia wapi?

Mwalimu: Hatua ya 2.

Kijana_Mbozi: Nimesoma ila sijaelewa kama ni Mbeya au Njombe

Mwalimu: Hujasoma.

MamaDoreen: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ameandika mto Ulanga, mwalimu wake kamkata, anasema ni Kilombero. Nani kakosea?

Mwalimu: Marahaba mama. Mtoto hajakosea, Ulanga ni jina jingine la Kilombero, ramani za zamani zimeandika hivyo, na hata wilaya ya Ulanga (makao makuu Mahenge) iko upande wa kusini wa mto huo huo. Lakini kwenye mtihani aandike Kilombero, au Kilombero na Ulanga kwenye mabano, amalize ubishi. Mwambie namsalimia, inaonekana anasoma ramani kuliko wenzake.

Mzee_wa_Hoja: Naona umepotosha. Ruaha Mkuu ndo mrefu, kwa hiyo kisayansi Rufiji unaanzia Kipengere. Wewe umekariri tu.

Mwalimu: Sijakariri kaka. Nimesema JINA linaanzia Shuguli, soma taratibu. Ukifuata tawi refu utafika juu Usangu, sawa, hilo halina ubishi na mimi. Lakini ukifuata maji hufiki huko. Bonde la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya bonde lote la Rufiji, asilimia 47, ila maji inayoleta ni kama asilimia 15 tu. Kilombero ina eneo asilimia 22 na kitu, inaleta asilimia 62. Luwegu uliosahaulika unaleta 18, yaani unaupita Ruaha. Sasa niambie mto mama ni upi.

Mzee_wa_Hoja: Hizo 62 sikuzijua. Nakubali nusu.

Mwalimu: Nusu inatosha.

Neema_Geo: Mwalimu mbona Ruaha eneo kubwa maji kidogo? Ni ukame au watu wanayachota?

Mwalimu: Hili ndo swali sasa. Vyote viwili dada. Sehemu kubwa ya bonde lake ni nchi kavu, upande wa Dodoma na Singida mvua ni chache. Kilombero wenyewe umeegemea Udzungwa, mawingu ya bahari yanagonga mlima yanamwaga. Hiyo ni ya asili. Ya pili ni Usangu: mashamba ya mpunga yanachepusha maji kwenye mifereji, mifugo ilijaa, Ihefu ikapungua. Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa jiwe, maji yakishuka chini ya ule ukingo mto hautoki kabisa hata kama tindiga lina maji. Ndo maana tangu miaka ya mwanzo ya 1990 ndani ya hifadhi mto unakatika kiangazi, viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Zamani ulikuwa hausimami mwaka mzima. Na chini yake ndo Mtera na Kidatu, kwa hiyo ile migao ya umeme mnayoikumbuka ina mkono wa huko juu.

Neema_Geo: Daah. Kumbe Mtera ni kama ndoo ya Kidatu?

Mwalimu: Kabisa. Mtera inahifadhi, ina mashine zake za megawati 80, inaachia maji yanashuka Kidatu yanazalisha 204. Chukua na hii ya ziada: Kihansi hauko Ruaha, uko upande wa Kilombero, megawati 180, na ndo kwenye wale vyura wadogo wa manjano walioishi kwenye mvuke wa maporomoko tu. Bwawa lilipochukua maji mvuke ukapungua, vyura wakaisha porini, waliobaki walikuwa wamepelekwa Marekani wakazalishwa huko.

Chef_Side: Samahani natoka nje ya mada, mchele wa Kyela nao ni bonde hili?

Mwalimu: Hapana, maji ya Kyela yanaenda ziwa Nyasa. Bonde hili ni mchele wa Mbarali na wa Kilombero.

Chef_Side: Wa Ifakara unanukia zaidi lakini

Neema_Geo: Mbarali bwana, usituletee fujo

MamaDoreen: Sisi tumekulia Ikwiriri, kabla ya daraja 2003 mlikuwa mnalala kwenye foleni ya pantoni Ndundu, mchele mnanunua hapo hapo na samaki kambale wa kukausha. Mwalimu kwenye delta weka jina Simba Uranga, ni mdomo mmojawapo, baba yangu alivua huko.

Mwalimu: Asante mama, naongeza hatua ya 7.

Kijana_Mbozi: Mwalimu nimechora, ila Ruaha wangu umeingia Ifakara, ni sawa?