Kanula ya mtoto mchanga: kugundua madhara mapema na kuchukua hatua yanapotokea

Sehemu kubwa ya kanula (mirija myembamba ya plastiki inayoingizwa kwenye mshipa wa damu ili kupitisha dripu na dawa) tunazozitoa kwenye mishipa ya watoto wachanga hatuzitoi kwa sababu matibabu yamekwisha, bali kwa sababu zimevujisha, zimeziba au zimechomoka. Linaloongoza ni kuvuja: dripu huacha kuingia ndani ya mshipa na kuanza kumwagikia kwenye nyama inayouzunguka. Mtu mzima akipatwa na jambo hilo husema kwamba anaumia. Mtoto mchanga hana namna ya kusema, mishipa yake ni myembamba, na ngozi ya njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni laini kiasi kwamba dawa kali iliyomwagikia chini yake inaweza kuiua ndani ya saa chache. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wauguzi na matabibu wanaoanza kuhudumia watoto hawa, na unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapokuwa zamu. Uamuzi wa dawa na vipimo vyake unabaki kwa daktari na kwa taratibu za wodi yako.

Hatua ya 1: Jua kinachopita kwenye mrija

Kabla ya kuutazama mkono wa mtoto, soma chupa. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yakivuja huleta uvimbe ambao kwa kawaida hutoweka wenyewe. Kalsiamu glukonati, sodiamu baikaboneti, potasiamu, lishe ya mishipani, fenobabitoni, fenitoini, asaikloviri na vankomaisini ni mambo mengine kabisa, kwa sababu huunguza nyama. Dopamini na adrenalini huua ngozi kwa njia tofauti: hubana mishipa midogo hadi damu isifike, na ndiyo maana tiba yake hailingani na ile ya dawa zinazounguza. Glukosi iliyozidi asilimia 12.5 haifai kupitishwa kwenye kanula ya mkononi au mguuni. Iombewe njia ya mshipa mkubwa.

Hatua ya 2: Funga kanula kwa namna itakayoacha ngozi ionekane

Kwa watoto wengi kanula ya geji 24 hutosha (geji ni kipimo cha unene: namba ikiwa kubwa, kanula ni nyembamba zaidi), na kwa njiti wadogo sana hutumika ya geji 26. Ukishapata mshipa, legeza mara moja mpira uliobana mkono na uutoe kabisa, usiuache ukafunikwa na blanketi, kwa maana mpira uliosahaulika umewahi kuwagharimu watoto viungo. Tumia plasta angavu pale sindano ilipoingilia, weka kibao laini chini ya kiungo kikiwa katika mkao wake wa asili, wala usiizungushe plasta mkono mzima kama pete. Vidole vyote vibaki wazi. Najua wengi wetu tulifundishwa kuviringisha bandeji nene ili mtoto asiichomoe kanula, lakini bandeji hiyo huficha kile tunachotakiwa kukitafuta, na kanula iliyochomoka ina nafuu kuliko kidonda kilichogunduliwa asubuhi.

Hatua ya 3: Kila saa tazama, gusa, linganisha

Hii ndiyo hatua inayookoa ngozi. Tazama kama pana wekundu, weupe, malengelenge au unyevu chini ya plasta. Gusa kwa kidole kimoja: eneo liwe laini na lenye joto sawa na sehemu nyingine, likikaza au likiwa baridi, pana tatizo. Kisha linganisha mkono huo na wa upande wa pili, kwa sababu uvimbe wa mtoto mchanga huonekana polepole na jicho lililouzoea mkono mmoja hudanganyika. Fuatisha mkono mzima hadi kwapani, na ulifunue pia lile eneo la chini ambalo mkono unalilalia, kwani maji huteremkia huko. Andika ulichoona kwenye fomu, pamoja na saa.

Usiiachie kazi hii pampu inayosukuma dripu. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuamini kwamba pampu isiyolia ina maana dripu inaingia vizuri, na nikaukuta mkono wa mtoto umevimba hadi kiwikoni huku mashine ikihesabu mililita zake kwa utulivu. Sababu ni rahisi kuielewa: pampu hulia shinikizo linapopanda, ilhali nyama laini ya mtoto mchanga hutanuka na kuyapokea maji bila kuleta upinzani mkubwa. Pampu hutambua mrija ulioziba. Kuvuja hugunduliwa na mkono wa muuguzi.

Hatua ya 4: Jaribu kanula kabla ya kila dawa

Sukuma taratibu takriban nusu mililita ya maji ya chumvi huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya ncha ya kanula. Pendelea bomba la sindano la mililita 10, kwa kuwa bomba dogo huleta shinikizo kubwa zaidi kwa nguvu ileile ya dole gumba. Mtoto akikunja uso, akivuta mkono au ukihisi uvimbe unainuka, acha. Kutorudi kwa damu peke yake si ushahidi wa kuvuja kwa kanula ndogo kiasi hiki, na kurudi kwake hakukuhakikishii usalama. Kanula iliyoziba usiilazimishe, kwani utalisukuma bonge la damu ndani ya mshipa.

Ngozi ya mbele ya kanula ikigeuka nyeupe ghafla unaposukuma, au damu ikawa inarudi kwa mapigo, huenda umeingia kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Usipitishe dawa yoyote. Toa kanula, bonyeza kwa dakika tano, na uendelee kuangalia rangi na joto la vidole.

Hatua ya 5: Ikivuja, fuata utaratibu huu

Simamisha dripu mara moja, lakini usikimbilie kuchomoa kanula. Tenganisha mrija, unganisha bomba dogo na ujaribu kuvuta kiasi chochote cha dawa kilichobaki. Usisukume maji kwa nia ya kusafisha, usikande wala kubinya. Mwite daktari. Legeza plasta zote, zungushia mpaka wa uvimbe kwa kalamu, andika saa, na uinue kiungo kidogo. Maji ya moto na barafu nayaepuka kabisa kwa watoto hawa, kwa sababu ngozi ambayo tayari imejeruhiwa huungua kwa urahisi.

Dawa ikiwa ni ya aina inayounguza, daktari anaweza kuagiza hayaluronidezi, ambayo hulegeza nyama ili dawa isambae na kufyonzwa. Hudungwa kidogokidogo chini ya ngozi kuzunguka eneo, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa ya kwanza. Kwa dopamini na adrenalini haitumiki. Hapo hutafutwa fentolamini, inayofungua mishipa iliyobanwa. Mkono ukikaza kama ubao, vidole vikawa baridi au vya bluu, au rangi ikachelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3 baada ya kubonyeza ngozi, mwite daktari wa upasuaji bila kungoja.

Wakati watu wote wameuinamia mkono, kuna jambo linalosahaulika: dripu ya glukosi imesimama. Pima sukari, na njia mpya ipatikane haraka.

Hatua ya 6: Yasiyoonekana mkononi

Maambukizi hayaonyeshi usaha kila mara. Mtoto anayeacha kunyonya, anayelegea, anayesita kupumua, au ambaye joto lake limepanda au kushuka chini ya nyuzi 36.5, achunguzwe kwa maambukizi ya damu. Kinga yake ni mikono safi, viungio vya mrija kusuguliwa kabla ya kufunguliwa, na kuuliza kila siku kama kanula bado inahitajika. Kuibadilisha kwa kufuata kalenda wakati inafanya kazi vizuri si lazima kwa watoto.

Toa kila kipovu cha hewa kwenye mrija, kwa kuwa moyo wa mtoto mchanga bado una tundu linaloweza kukipitisha hadi kwenye ubongo. Mrija wa kitovuni, yaani ule unaopitishwa kwenye mshipa wa kitovu, hautumiki kabla ncha yake haijathibitishwa kwa picha: ikiwa ndani ya ini huweza kuliharibu, na ikiwa ndani ya moyo maji yanaweza kupenya na kuubana. Kiungio chake kikifunguka, huo ni msiba wa dakika chache, kwani mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi tu.

Hatua ya 7: Kuitoa

Lowanisha plasta kwa pamba yenye maji na uibandue polepole ukiwa umeishikilia ngozi. Mkasi usikaribie vidole vya mtoto. Chomoa, hakikisha kanula imetoka nzima, bonyeza hadi damu ikome, na uendelee kukagua mahali hapo kwa siku mbili, kwa sababu mshipa unaweza kuvimba na kuwa mwekundu baada ya kanula kuwa imekwisha kutupwa.