Premium, AA, specialty: usinunue kahawa kwa jina tu

Wadau wa kahawa huku Mbozi, Rungwe mpaka Mbinga, haya maneno ya kizungu kwenye pakiti hayana uzito sawa. Premium mtu yeyote anaweza kuiandika, haina kipimo kinachojulikana, ni sifa tu anayojipa muuzaji. AA ndo inachanganya wengi, watu wanadhani ni utamu kumbe ni saizi ya punje, zile kubwa zinazobaki kwenye chekeche namba 18, yaani lenye matundu ya kama milimita 7 hivi, sasa punje kubwa inaweza ikawa imevunwa mbichi au ikachachushwa vibaya na bado ikaitwa AA! PB nayo ni umbo, tunda limetoa punje moja ya mviringo badala ya mbili.

Specialty ndo yenye mtihani wa kweli, waonjaji waliosomea wanaipa alama kwenye 100 na lazima ifike 80. Kwa hiyo ukiwa dukani pale Mbeya mjini muulize muuzaji kahawa yake ina alama ngapi na imekaangwa lini, mi naona mkulima aliyechuma matunda mekundu yaliyoiva tu anastahili hilo swali liulizwe.