Ngome ya Mtandao na Ulinzi wa Kompyuta za Ofisi: Namna ya Kuvipanga na Kuvitunza

Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilienea katika nchi nyingi ndani ya saa chache, ikafunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Haikumhitaji mtumishi abofye chochote, kwa sababu ilipita katika poti 445 (poti ni mlango wenye namba ambao data hupitia kuingia au kutoka kwenye kompyuta), ambayo Windows huitumia kushirikiana mafaili, kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka, yaani sasisho la kuliziba, tangu 14 Machi mwaka huohuo. Hospitali za umma za Uingereza ziliathirika vibaya, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilipochunguza ilieleza mambo mawili ambayo kila msimamizi wa mtandao anapaswa kuyaweka pamoja: nyingi ya kompyuta zilizoshambuliwa zilikuwa na Windows 7 iliyokuwa bado inahudumiwa lakini haijasasishwa, na hata pasipo kiraka hicho, kuzisimamia vizuri ngome zinazotazama intaneti kungezikinga taasisi hizo.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaitazama ngome ya mtandao, ambayo mafundi wengi huiita fayawoli na ambayo kazi yake ni kuruhusu au kukataa data inayopita kati ya mitandao, na ulinzi wa vifaa vya watumiaji kuwa ni kazi moja. Ngome huona safari za data kati ya mtandao mmoja na mwingine, lakini siku hizi sehemu kubwa ya safari hizo imesimbwa, yaani imefichwa kwa msimbo usiosomeka, na flashi inayochomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu haipiti kwenye ngome hata kidogo. Programu ya ulinzi iliyomo ndani ya kompyuta huona faili linapofunguliwa na kila programu inapoanza kufanya kazi, lakini haiwezi kuwekwa kwenye kamera za ulinzi, wala printa, wala ruta ya mtoa huduma wa intaneti. Mfano nitakaoutumia ni wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu na matawi mawili, kompyuta zisizofika mia moja, seva ya mfumo wa mikopo, na fundi mmoja au wawili wa TEHAMA.

Kabla ya kununua chochote

Anza kwa kuandika daftari la vifaa vyote vilivyounganishwa na mtandao: jina la kifaa, kilipo, anayekitumia, mfumo wake wa uendeshaji na toleo lake. Usitegemee kumbukumbu za ununuzi peke yake. Ingia kwenye swichi na ruta, soma orodha ya vifaa vilivyopewa anwani, kisha tembea chumba kwa chumba ukilinganisha. Kifaa ambacho hakuna anayekijua ndicho kitakachokuwa nje ya ulinzi wako wote. Katika daftari hilo weka alama kwenye kila kompyuta ambayo mfumo wake umeachwa na mtengenezaji. Kwa mfano, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya namna hiyo isiyo katika mpango wa nyongeza wa viraka inapaswa kubadilishwa au kutengwa, hata kama bado inafanya kazi bila tatizo.

Kugawa mtandao

Hapa ndipo ninapoona taasisi nyingi zinapoteza faida ya ngome zao. Kifaa cha bei kubwa huwekwa kati ya ofisi na intaneti, lakini ndani kila kitu kinaachwa katika mtandao mmoja, hivyo kompyuta ya mapokezi inaweza kuifikia seva ya mikopo sawasawa na kompyuta ya meneja wa fedha. Mvamizi akishaingia kwenye kompyuta moja, ngome haina tena la kufanya, kwa kuwa mawasiliano ya ndani hayapiti kwake.

Gawa mtandao katika VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile, na hakikisha njia pekee ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine inapita kwenye ngome. Kwa chama cha mfano wetu zinatosha sehemu tano: seva, kompyuta za watumishi, vifaa visivyowekewa programu ya ulinzi kama kamera na printa, Wi-Fi ya wageni na simu za watumishi, na sehemu ndogo ya usimamizi ambayo fundi wa TEHAMA peke yake huitumia kuingia kwenye swichi na kwenye ngome yenyewe. Zipe anwani zinazosomeka kwa urahisi, kwa mfano 10.10.10.0/24 kwa seva na 10.10.20.0/24 kwa watumishi wa ofisi kuu, na matawi yaanze na 10.20 na 10.30, ili anayesoma kumbukumbu za matukio ya mtandao usiku wa manane ajue mara moja tukio limetokea wapi.

Kuandika kanuni za ngome

Ngome nyingi husoma kanuni kuanzia juu kwenda chini na kutekeleza ya kwanza inayolingana na safari husika. Kwa hiyo mpangilio wake una uzito sawa na maudhui yake, na kanuni ya mwisho siku zote iwe ya kukataa kila kitu ambacho hakikuruhusiwa. Fahamu pia hali ambayo kifaa chako kinakuja nayo. Kwenye programu ya ngome iitwayo pfSense, kwa mfano, safari zinazoanzia intaneti hukataliwa tangu mwanzo, lakini mtandao wa ndani huruhusiwa kwenda kokote. Watu wengi huiacha kanuni hiyo ya pili kama ilivyo, nayo ndiyo inayomwezesha mvamizi aliyekwisha kuingia kuwasiliana na seva yake na kutoa nje taarifa za wanachama.

Kanuni za kutoka zianze na mahitaji halisi. Kompyuta za watumishi ziruhusiwe kwenda kwenye tovuti kwa poti 80 na 443, na kwenye seva ya mikopo kwa poti ile tu ambayo mfumo huo unaihitaji. Maswali ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, yanayotumia poti 53, yaelekezwe kwenye seva yako au kwenye ngome, na yanayokwenda kwingine yakataliwe. Seva ya mikopo haina sababu ya kutembelea tovuti, kwa hiyo iruhusiwe kwenda tu mahali inapochukulia masasisho na mahali inapobadilishana taarifa na benki au kampuni ya simu. Kamera zisiruhusiwe kwenda intaneti kabisa. Poti 445 isitoke nje ya ofisi wala isiingie.

Kwa kila kanuni andika jina linaloeleweka, sababu, aliyeiomba na tarehe ya kuipitia upya. Kanuni ya muda, kama ile ambayo fundi wa mfumo wa mikopo anaiomba ili afanye marekebisho akiwa mbali, iwekewe siku ya kufutwa siku hiyohiyo inapoandikwa. Fundi huyo, na watumishi wa matawi pia, wapite kwenye VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuingia ofisini kupitia intaneti, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kamwe usifungue poti 3389 ya Windows, inayotumika kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, moja kwa moja kwa intaneti, kwa sababu inatafutwa na wavamizi saa zote, na nenosiri moja dhaifu linatosha kuwaingiza.

Ngome nayo ni kompyuta, na ina matundu yake. Mwishoni mwa Januari 2024, CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, iliziamuru taasisi za serikali kuu ya nchi hiyo kuviondoa mtandaoni vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti baada ya matundu yake kutumiwa na wavamizi. Ukurasa wa kuisimamia ngome usionekane kutoka intaneti, na masasisho yake yawe na siku maalumu katika ratiba ya kila mwezi.

Ulinzi ndani ya kila kompyuta

Chagua bidhaa moja inayosimamiwa kutoka kwenye dashibodi moja, na uisambaze kwa kufuata lile daftari la vifaa hadi idadi zilingane. Dashibodi inayoonyesha kompyuta 70 wakati daftari lina 78 inakueleza kwamba kazi haijaisha. Washa kinga inayomzuia mtumiaji kuizima au kuiondoa programu hiyo, kisha uwaondolee watumishi haki za msimamizi kwenye kompyuta zao. Hatua hii ya mwisho hukutana na upinzani, hasa kutoka kwa wakuu wa idara, lakini naisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu programu hasidi nyingi hupata uwezo uleule alionao mtu aliyeifungua.

Washa pia ngome iliyomo ndani ya Windows kwenye kila kompyuta, na uiwekee kanuni ya kukataa maombi ya poti 445 na 3389 yanayotoka kwa kompyuta nyingine za watumishi. Ngome kuu haiyaoni mawasiliano kati ya kompyuta mbili zilizo katika VLAN moja, kwa hiyo kanuni hii ndogo ndiyo inayoziba pengo hilo. Kompyuta mbili za watumishi ni nadra kuhitaji kuungana zenyewe kwa zenyewe. Mafaili ya pamoja yakae kwenye seva.

Jihadhari na orodha ya vitu visivyochunguzwa. Muuzaji wa mfumo akikuomba uondoe diski nzima kwenye uchunguzi ili mfumo uwe mwepesi, mtake akutajie folda na programu mahususi, na akupe maandishi yenye sababu.

Masasisho yaanze kwenye kundi dogo la kompyuta kabla ya kwenda kwa wote, pale bidhaa inaporuhusu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, liliangusha takribani kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, na nyingi zilizokuwa na diski iliyosimbwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, zilihitaji funguo za kuifungua kabla ya kutengenezwa. Funguo hizo zitunzwe mahali ambapo utazifikia hata kompyuta zote za ofisi zikiwa zimelala.

Kupima na kufuatilia

Usiamini rangi ya kijani ya dashibodi kabla ya kujaribu. Lipo faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu na lisilo na madhara, ambalo programu za ulinzi zimekubaliana kulitambua kana kwamba ni virusi. Liweke kwenye kompyuta ya kila tawi, uone kama limezuiwa na kama taarifa imefika kwa mtu anayepaswa kuipata. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, jaribu kuifikia seva ya mikopo.

Kumbukumbu za ngome na za kompyuta zipelekwe kwenye seva nyingine, ambayo msimamizi wa kawaida hawezi kuzifuta, na saa za vifaa vyote zilinganishwe na chanzo kimoja. Bila hivyo hutaweza kupanga matukio kwa mfuatano. Teua mtu wa kuzisoma kila siku ya kazi, na amua mapema nani atapigiwa simu Jumamosi usiku.

Nakala rudufu ziwepo nje ya mtandao, na zijaribiwe kwa kurejesha data halisi.

Dalili za uvamizi zikionekana, itenge kompyuta hiyo kupitia dashibodi au kwa kuchomoa waya wa mtandao, lakini usiizime haraka, kwa kuwa kumbukumbu ya muda iliyo ndani yake inaweza kubeba ushahidi. Badilisha manenosiri ukiwa kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, funga kwenye ngome anwani zilizohusika, na uandike saa ya kila hatua. Maandishi hayo yatahitajika nje ya idara ya TEHAMA pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipofahamu uvujaji wenye hatari halisi ya kuwadhuru wahusika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ndiyo inayopokea taarifa za uvunjifu wa namna hiyo. Kwa msaada wa kitaalamu, TZ-CERT iliyo chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na KE-CIRT/CC iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hupokea ripoti za matukio. Namba zao na za mwanasheria wa taasisi zichapishwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya chumba cha seva, kwa kuwa siku hiyo huenda barua pepe ya ofisi isifunguke.