Kuwasha Polly kwenye LLVM kwa laptopu ya GB 8

Wiki hii nilikaa na mdogo wangu mmoja wa kazini mpaka Polly ikakubali kwenye mashine yake. Naandika mambo yangali mabichi.

LLVM ni mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, na clang ni kompaila yake ya C. Polly ni sehemu ya LLVM inayochukua vitanzi vilivyo ndani ya vitanzi na kuvipanga upya kihesabu, ili data iliyokwisha kuingia kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) itumike vya kutosha kabla haijatolewa. Haiwaki yenyewe, hata ukiweka `-O3`, alama ya kuiambia kompaila iboreshe kasi kwa nguvu. Lazima uiombe.

1. Jaribu uliyonayo kwanza. Andika `clang -O3 -mllvm -polly jaribio.c`, ambapo `jaribio.c` ni programu yako yoyote ya C. Isipolalamika, unayo tayari; ruka hadi hatua ya 4. Ikisema `Unknown command line argument '-polly'`, endelea.

2. Shusha msimbo. `git clone --depth 1 https://github.com/llvm/llvm-project.git`. Usiache `--depth 1`, vinginevyo historia nzima ya mradi itamaliza bando lako.

3. Jenga. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima mara ya kwanza, kwa hiyo soma polepole. Utahitaji cmake, inayoandaa ujenzi, na Ninja, inayoutekeleza. Ingia kwenye folda ya `llvm-project`, kisha:

`cmake -S llvm -B build -G Ninja -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DLLVM_ENABLE_PROJECTS="clang;polly" -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`

Halafu `ninja -C build`.

Alama za kunukuu kwenye `"clang;polly"` si pambo. Ukiziacha, terminali inaona nukta-mkato na kudhani amri imeishia hapo. Yote yanayofuata hayafiki kwa cmake.

Usiweke `Debug` badala ya `Release`. Faili zake ni kubwa mno, na kazi ya kuziunganisha hula kumbukumbu yote. Mimi niliiweka. Kazi ilikwenda vizuri kwa saa kadhaa, karibu na mwisho ikatokea `ld terminated with signal 9 [Killed]`. Nilidhani msimbo una kosa, nikafuta folda ya `build` na kuanza upya. Ikafa palepale. Maneno hayo karibu kila mara yanamaanisha kwamba Linux imeishiwa kumbukumbu ikaua linka (`ld`, programu inayounganisha faili). Msimbo hauna kosa lolote. Dawa ni `-DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`, ili programu ziunganishwe moja baada ya nyingine, na chaguo hilo linafanya kazi ukitumia Ninja tu. Ndiyo sababu simshauri mtu `make` kwa LLVM. Kumbukumbu ikizidi kubana hata kabla ya kuunganisha, tumia `ninja -C build -j2`, yaani kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Na tafadhali usifute `build`: badilisha idadi hiyo ya `-j`, rudia amri, Ninja itaendelea ilipokatikia.

Prosesa yako ikiwa ya ARM, andika `AArch64` badala ya `X86`. Kujenga LLVM kwa ajili ya prosesa zote inazozijua ni kuchosha mashine bure.

4. Pima. Andika programu ya kuzidisha matriki mbili za `double`, 1500 kwa 1500, ukitumia safu za kudumu zilizotangazwa nje ya `main`. Ukitumia pointa, ziwekee `restrict`. La sivyo kompaila itahofia kwamba zinaelekea sehemu moja ya kumbukumbu. Mwishoni chapisha jumla ya matokeo. Usipoyatumia popote, kompaila ina haki ya kufuta kitanzi chote, nawe utafurahia muda wa sifuri usio na maana.

Jenga programu hiyo mara mbili kwa `build/bin/clang -O3` (au `clang -O3` tu kama uliruka hatua ya 2 na 3), mara ya pili ukiongeza `-mllvm -polly`. Endesha kila moja mara tano kwa `time`, chaja ikiwa imechomekwa, na ulinganishe jumla zake. `-ffast-math` iache kwanza: inaruhusu kubadili mpangilio wa kujumlisha, na tarakimu za mwisho zikitofautiana hutajua nani kazibadilisha.

5. Usipoona tofauti, ongeza `-g -Rpass-missed=polly -Rpass-analysis=polly` usome Polly imekataa nini na mstari gani. Kwa mdogo wangu ilikuwa `printf` aliyoisahau ndani ya kitanzi.